Wenye Funguo: Mwongozo kwa Viongozi wa Vituo vya Mazoezi na Malezi ya Vijana

Mwongozo huu ni wa watu wanaobeba funguo: mwenyekiti, mratibu, kocha mkuu, mweka hazina, na yule mama mtu mzima asiye na cheo chochote kwenye katiba ya asasi lakini vijana wote humpa shikamoo kabla hawajamwona mwenyekiti. Umeandikwa hasa kwa vituo vya mijini Tanzania, vile vinavyoanzia kwenye uwanja wa kuazima, vyuma vya saruji iliyomiminwa ndani ya makopo ya rangi, na kiroba cha matambara kinachoning'inia kwenye mwarobaini. Vijana wanaohusika ni wale ambao ofisi za ustawi wa jamii huwaita walio katika mazingira hatarishi. Mtaani wana majina mengine. Majina hayo yasitumike kituoni, hata kwa utani.

Jambo kubwa lisemwe mapema. Kijana huyu ameshaachwa na watu wazima kadhaa kabla hajafika kwako: baba, mwalimu, mjomba aliyeahidi kumtafutia kazi ya gereji. Kumpa mwili wenye nguvu si kazi. Miezi minne inatosha. Kazi ni kuwa mtu mzima ambaye wiki ijayo yupo, na mwaka ujao yupo. Kama asasi yako haiwezi kuahidi mwaka mmoja, isianze.

Chuma ni mlango

Kijana ambaye hajazoea kusifiwa anaweza kujihesabia pushapu zake mwenyewe. Juzi kumi na mbili, leo kumi na tano. Hahitaji mtu wa kumpigia makofi. Hesabu yenyewe imemwambia. Tena mazoezi yanampa saa. Maskani hakuna saa: ukifika mchana sawa, ukifika usiku wa manane sawa. Kituo kinachofunguliwa saa kumi na moja jioni, si na robo, kinamrudishia siku yake mwanzo na mwisho. Kwa hiyo kocha akichelewa ni kosa kubwa kuliko kijana akichelewa, na liandikwe kwenye daftari lile lile la mahudhurio, vijana wakiona.

Lakini msuli hauchagui kazi. Ukimjenga mtu mikono peke yake, umemwongezea nguvu ya kuendelea na alichokuwa akifanya. Luke Dowdney, Mwingereza aliyesomea anthropolojia na kupiga ngumi za ridhaa, alianzisha Fight for Peace mwaka 2000 katika mitaa ya Maré, Rio de Janeiro, mahali ambapo vijana wadogo walibeba bunduki za magenge. Ngumi hazikuachwa ziende peke yake: ziliunganishwa na masomo, maandalizi ya kazi, huduma za ustawi na nafasi ya vijana wenyewe kuongoza. Kijana alikuja kutafuta ulingo akakuta na darasa. Mpangilio huo unaweza kuigwa hata pasipo na ulingo, mradi kila kijana anayeingia kwa mlango wa mazoezi awe na mtu mmoja anayejua anakaa wapi, anaishi na nani, na leo amekula nini.

Wema unaodhuru

Sehemu hii viongozi wengi huiruka kwa sababu haipendezi kwenye andiko la mradi. Isomwe mara mbili.

Mwaka 1939 katika miji ya Cambridge na Somerville, Massachusetts, Marekani, ulianza mradi wa malezi ya wavulana 506. Nusu yao walipewa washauri waliowatembelea nyumbani, wakawasaidia masomo, wakawapeleka kwa madaktari na kwenye kambi za likizo. Nusu nyingine, waliolingana nao kwa umri na hali, hawakupewa kitu. Mwaka 1978 mtafiti Joan McCord alichapisha matokeo ya kuwafuatilia wakiwa watu wazima. Wengi wa waliosaidiwa waliwakumbuka washauri wao kwa wema. Lakini walipopimwa kwa rekodi za makosa ya kurudiarudia, ulevi, magonjwa na vifo vya mapema, waliosaidiwa walikuwa na hali mbaya zaidi kuliko wasiosaidiwa. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba madhara yaliwakaa zaidi wale waliopelekwa kambini zaidi ya mara moja.

Kwa nini kambi? Anayeendesha kituo hahitaji kuelezwa sana. Ukiwaweka vijana ishirini wenye matatizo yaleyale mahali pamoja, ukawaachia saa mbili hazina ratiba, watafundishana. Mmoja anajua njia ya kuuza simu ya wizi, mwingine anajua unga unapatikana nyumba gani, na anayesimulia kwa kuchekesha ndiye mwalimu wa siku hiyo. Kwa hiyo changanya. Kwa kila kijana aliyeletwa na ofisi ya ustawi au na polisi, awepo angalau mmoja aliyekuja kwa sababu tu anapenda mazoezi: mwanafunzi wa sekondari, fundi seremala, binti anayefanya mbio. Na muda usiwe na matobo. Kisa kikubwa huzaliwa kwenye ile nusu saa ya kumsubiri kocha.

Utafiti wa pili unamgusa mlezi mmoja mmoja. Mwaka 2002 Jean Grossman na Jean Rhodes walichapisha uchunguzi wa vijana zaidi ya elfu moja wa Marekani waliopewa walezi wa kujitolea. Uhusiano uliodumu mwaka au zaidi ndio ulioleta faida kubwa. Uliovunjika ndani ya miezi mitatu uliwaacha vijana wakijithamini kidogo kuliko mwanzo. Maana yake ni kwamba mlezi wa wiki nane, anayehitaji cheti cha kujitolea kwa ajili ya chuo, anaweza kumwacha mtoto pabaya kuliko alipomkuta. Mpe kazi ya kupanga stoo, ya kufundisha hesabu kwa kundi zima, ya kutengeneza kamba za kuruka. Usimpe kijana.

Nami nimelifanya kosa hilo. Kituo nilichokuwa katibu wake kilikuwa na kijana wa kujitolea, hodari, kipenzi cha wote. Akapata ajira mkoani, akaondoka Alhamisi. Watoto tukawaambia "amesafiri". Mvulana wa miaka kumi na mitano, ambaye kazi yake ilikuwa kumshikia pedi za kupigia, alizitoa stoo kila jioni, akaziweka juu ya benchi pale pale, akakaa pembeni yake. Siku tisa. Ya kumi hakuja, wala hakuja tena. Kwenye ripoti ya robo mwaka niliandika: "Kijana 1 ameacha programu."

Wazee wa pwani hawakuhitaji utafiti kulijua hili. Somo wa binti hakuwa wa mwezi mmoja. Alimfunda, akamsindikiza kwenye ndoa, na miaka mingi baadaye bado aliitwa somo yake na kuulizwa ushauri. Neno "mlezi" tunalolitumia kwenye vituo vyetu limebeba deni hilo.

Kumchagua mlezi

Usitangaze nafasi ya mlezi kwa bango. Watu wanaofaa mara nyingi wako mtaani tayari, wakifanya kazi hiyo bila jina: fundi pikipiki mwenye wanafunzi watatu, kocha wa watoto, muuguzi mstaafu. Wafuate wao.

Kila anayependekezwa, hata kama ni mdogo wake mwenyekiti, apitie hatua zilezile. Alete wadhamini wawili wasio ndugu zake na uzungumze nao uso kwa uso. Alete barua ya serikali ya mtaa na hati ya polisi kuhusu rekodi ya jinai. Kisha afanye miezi mitatu ya majaribio akiwa na kundi, mbele ya wengine, kabla hajapangiwa kijana. Katika miezi hiyo angalia vitu viwili. Kwanza, anafika? Pili, anafanya nini akidharauliwa? Kijana atamdharau, hiyo ni hakika, na atafanya hivyo makusudi ili aone kama huyu naye ataondoka.

Mlezi mmoja asipewe zaidi ya vijana watatu. Wakutane angalau mara moja kwa wiki, na mazungumzo yafanyike baada ya mazoezi, mwili ukiwa umechoka na moyo umetulia. Wakiwa wanatembea, bora zaidi. Vijana wengi wa kiume hawawezi kusema jambo zito wakitazamwa machoni, ila wakiwa bega kwa bega njiani, au wakikunja kamba, watasema.

Siku mlezi anapolazimika kuondoka, kijana aambiwe mapema, na mlezi mwenyewe ndiye amwambie, akimtambulisha mrithi wake. Neno "amesafiri" ni marufuku.

Ulinzi wa watoto

Kituo cha mazoezi kina mambo ambayo mtu mwenye nia mbaya huyatafuta: miili isiyofunikwa sana, kushikana, safari za mashindano, na mtu mzima anayeabudiwa. Kiongozi anayesema "kwetu hayo hayapo" hajaanza kuangalia.

Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto ni mtu yeyote aliye chini ya miaka 18, hata awe na ndevu na awe anajilipia kodi ya chumba. Sheria hiyo hiyo inamwajibisha kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa apeleke taarifa hizo kwenye mamlaka ya serikali za mitaa. Kwa hiyo kutoa taarifa si hiari ya asasi, na wala si kumwonea mtu.

Kanuni za kituo ziandikwe kwa maneno ambayo kijana wa darasa la tano anayasoma, zibandikwe ukutani, na zisomwe kwa sauti kila mwezi. Hakuna mtu mzima na mtoto peke yao ndani ya mlango uliofungwa. Kocha anayesahihisha mkao husema kwanza atakapogusa na kusubiri kukubaliwa. Safarini wawepo watu wazima wawili, mmoja awe mwanamke kama wasichana wapo, na hakuna kulala chumba kimoja na watoto. Ujumbe wa simu kati ya mlezi na mtoto upite kwenye kundi ambalo mtu wa tatu, kiongozi, analiona. Zawadi za siri hazipo. Kiatu kikitolewa, kitolewe mchana.

Wasichana wapewe zaidi ya kuruhusiwa tu. Waulizwe saa gani njia ni salama kwao, wapate mahali pa kubadilishia nguo penye komeo la ndani, taulo za kike ziwepo stoo bila kuombwa kwa kocha wa kiume, na binti anayetaka kufanya mazoezi na hijabu yake afanye.

Likitokea la kutokea, msikilize mtoto bila kumhoji kama mpelelezi. Andika maneno yake kama alivyoyasema. Peleka taarifa siku hiyo hiyo kwa Afisa Ustawi wa Jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto nayo haina malipo. Mtuhumiwa asimamishwe kazi mara moja, bila kujali ameleta vikombe vingapi. Mtakutana na shinikizo la kumalizana kifamilia: wazazi watakuja na mzee wa heshima, mtu atataja mbuzi au pesa, mwenyekiti atakumbusha jina zuri la kituo. Kataeni. Nimewaona viongozi wema kabisa wakilainika hapa, kwa sababu mtuhumiwa alikuwa rafiki yao na mtoto alikuwa mkorofi.

Jioni moja

Dakika tisini zinatosha. Mlango saa kumi na moja, na mtu mmoja kazi yake ni kusimama hapo kusalimia kwa jina. Asiyejua majina asisimame mlangoni.

Kabla ya chochote, uji. Si hisani, ni usalama. Kijana anayezimia kwenye raundi ya pili mara nyingi hajala tangu jana, na hatasema. Weka sufuria mahali pa kupitia na ugawie wote, ili asiwepo wa kuonekana ndiye mwenye njaa. Halafu kupasha mwili moto, mchakamchaka wa kuzunguka mtaa kama njia inaruhusu (nyimbo watachagua wao, kiongozi aombe tu zisitukane mama za watu), kisha kazi yenyewe: kamba, kuchuchumaa, kiroba, vyuma. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa wenye miaka 5 hadi 17 wastani wa dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku. Mvulana anayesukuma mkokoteni sokoni tangu alfajiri keshazipita. Yeye anahitaji kunyoosha viungo na kupumzika, si kuongezewa chuma.

Walio chini ya miaka 18 wasipigane ngumi za kichwa mazoezini. Yeyote aliyegongwa kichwa akaona kizunguzungu, akatapika au akasahau kilichotokea, amemaliza kwa siku hiyo, apelekwe kituo cha afya, na harudi bila ruhusa ya daktari. Vidonge na sindano za kutunisha misuli havikanyagi kituoni, na kocha anayeviuza anaondoka navyo.

Dakika ishirini za mwisho ni za mduara. Hapa makocha wengi huhubiri, na vijana hutazama saa. Jaribu badala yake zoezi lililotumika katika programu ya Becoming a Man ya Chicago. Wapange wawili wawili. Mmoja anapewa mpira, mwenzake anaambiwa ana sekunde 30 za kuuchukua. Watakamatana, watabingirishana, fulana zitachanika. Kisha uliza: kwa nini hakuna aliyeomba? Watasema, "Asingenipa." Mgeukie aliyekuwa na mpira umuulize kama angempa. "Ningempa, mpira tu huo." Nyamaza kidogo. Usifafanue. Wiki mbili baadaye utamsikia mmoja akimwambia mwenzake aliyekunja ngumi, "Oya, umemwomba kwanza?" Programu hiyo ilipimwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago kwa kuwagawa wanafunzi kwa bahati nasibu, na wakati ikiendelea, kukamatwa kwa makosa ya ukatili kulipungua kwa asilimia 45 hadi 50.

Wanunuzi wa misuli

Mwili mliojenga una soko, na wateja watakuja wakiwa na bahasha. Mwenye baa anataka mabaunsa. Mkopeshaji anataka watu wa kwenda kudai. Mwaka wa uchaguzi ukifika, kuna atakayeleta fulana mia na maji ya chupa, na kuomba "vijana wa kulinda mkutano". Akina mama wa mtaa mzima watakumbuka ni vijana wa kituo gani walioshika fimbo siku ile.

Iandikwe kwenye katiba ya asasi kwamba kituo hakitoi watu kwa kazi ya nguvu kwa chama, mgombea au mfanyabiashara yeyote. Mkitegemea busara ya wakati huo mtashindwa, kwa sababu mgombea huyo huenda ndiye mwenye uwanja. Kijana mzima akiajiriwa ulinzi halali, kwa mkataba, kwenye kampuni iliyosajiliwa, hilo ni jambo jingine na mpongezeni.

Karatasi na pesa

Hapa kwa ufupi. Asasi isajiliwe chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 na ipeleke ripoti yake kila mwaka. Kikiwa ni kilabu cha michezo, njia ni ya Baraza la Michezo la Taifa. Watia saini wa benki wawe watatu, na wasiwepo wawili walio ndugu. Vijana waliovuka miaka 18 na kuunda kikundi cha uzalishaji waelekezwe kwenye mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambamo vijana wana asilimia nne.

Picha zinahitaji neno zaidi. Mfadhili atataka uso wa mtoto na historia yake ya kusikitisha. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hilo si suala la adabu peke yake. Mpigeni picha mgongo akinyanyua kopo la saruji; inatosha. Mvulana akifikisha miaka ishirini na mitano, akaenda kuposa, asikutwe mtandaoni chini ya maneno "mwizi wa zamani".

Na kwenye ripoti, punguzeni kuhesabu fulana. Andikeni wangapi walioanza mwaka jana bado wanakuja, na wangapi bado wana mlezi yuleyule.

Akirudi nyuma

Atarudi nyuma. Glavu zitapotea stoo na kila mtu atajua nani amezichukua. Mlezi wake amfuate kwao kabla ya siku tatu kupita, bila polisi na bila hotuba, amwambie glavu zinahitajika na yeye anahitajika. Akizirudisha, afanye kazi ya kuzilipia kwa namna inayoonekana: kufagia uwanja, kushona kiroba. Aliyemjeruhi mwenzake, au anayeuza unga ndani ya uzio, huyo akae nje kwa muda uliotajwa tarehe, lakini mlezi wake aendelee kumwona huko huko nje. Akikamatwa, aende mtu kituo cha polisi siku hiyo hiyo. Uwepo wa mtu mzima kaunta unabadilisha mengi.

Waliodumu wapewe kazi ya kweli. Mathare Youth Sports Association ya Nairobi, iliyoanza mwaka 1987, iliwapa timu pointi za ligi kwa kusafisha mitaa yao, na imewakabidhi vijana uamuzi na uongozi kwa miaka yote hiyo. Huko Boston, InnerCity Weightlifting, tangu 2010, inawafundisha vijana waliotoka magengeni kuwa wakufunzi wa mazoezi wanaolipwa na watu wenye kazi zao nzuri. Kijana wako aliyefikisha miaka miwili kituoni aanze kufundisha kundi la wadogo, kwa posho, hata ndogo, kwenye vocha iliyosainiwa.

Mkilazimika kufunga

Fedha huisha. Mkijua, waambieni vijana miezi mitatu kabla, siyo wiki ya mwisho, na waambieni sababu halisi. Kila kijana apangiwe mtu: kituo kingine, kanisa, msikiti, fundi, kilabu cha jogging. Mlezi ampeleke kwa miguu yake na kumkabidhi kwa mkono. Walezi wanaoweza kuendelea bila asasi waendelee, na namba zao za simu zisibadilike. Vyuma wapewe waliovitumia.

Siku ya mwisho msilete mgeni rasmi. Uji, mchakamchaka, kiroba, mduara. Mlango ufunguliwe saa kumi na moja, na anayewasalimia kwa majina awe yule yule.